Pwani Iliyotazamwa Kutoka Sitahani: Uhakiki wa Picha za Alan Villiers, 1938–1939

Uhakiki wa Kiswahili umekuwa karimu kwa bahari ya maneno. Tenzi, nyimbo za mabaharia, methali za tanga na upepo, na riwaya za bandarini zimepata wasomaji makini na mijadala ya miaka mingi. Bahari ya picha haijapata bahati hiyo. Picha ya jahazi huwekwa juu ya jalada la kitabu, kwenye bango la kongamano, au kwenye ukurasa wa kwanza wa ripoti ya wizara, kisha msomaji akafunua ukurasa wa pili. Haisomwi, inapamba.

Makala hii inachukua mkusanyo mmoja wa picha mnato na kuusoma kama matini. Ni picha ambazo Alan Villiers, baharia na mwandishi wa Australia, alizipiga ndani ya jahazi la Kuwait lililoteremka na kaskazi hadi Zanzibar na delta ya Rufiji, kisha likarudi na kusi, katika msimu wa 1938–1939. Hoja yangu ni kwamba kamera ya Villiers ni hodari kadiri inavyobaki karibu na kazi ya chombo, na kwamba ustadi wake hupungua kila chombo kinapotia nanga katika pwani ya Waswahili. Upungufu huo haukuishia katika macho ya mtu mmoja aliyefariki mwaka 1982. Umo pia katika maneno yanayoandamana na picha hizo, na kwa kuwa picha haisafiri bila maneno, suala la uhakiki hapa linagusa sera.

Baharia mwenye kamera

Villiers alizaliwa Melbourne mwaka 1903 na akaingia baharini akiwa kijana wa miaka 15. Alizipata merikebu za matanga zilipokuwa zinaondoka duniani, zile zilizobeba ngano kutoka Australia kwenda Ulaya kwa kuizunguka Rasi ya Horn. Mwaka 1929 yeye na rafiki yake Ronald Walker walijiandikisha kama mabaharia wa kawaida katika merikebu ya Grace Harwar, wakiwa na kamera ya filamu ili waionyeshe dunia kazi ile ilivyokuwa. Walker alikufa njiani, akiwa kazini juu ya mlingoti. Kati ya 1934 na 1936 Villiers aliizunguka dunia akiwa nahodha wa merikebu yake mwenyewe, Joseph Conrad.

Wasifu huu nautaja kwa sababu moja. Mtu aliyefika Aden mwishoni mwa 1938 hakuwa mtalii aliyevutiwa na tanga jeupe. Alikuwa mtu aliyekwisha kumwona mwenzake akifa kwa kazi ya matanga, na aliyejua uzito wa foromali kwa mabega yake. Aliamini kwamba majahazi ya Kuwait yalikuwa miongoni mwa vyombo vya mwisho duniani kufanya biashara ya masafa marefu kwa upepo mtupu, akataka kuyaandika kabla hayajatoweka. Akapanda Bayan, jahazi kubwa la aina ambayo Waarabu huiita bumu, chini ya nahodha Ali bin Nasr al-Najdi. Chombo kilipita pwani ya Hadhramaut kuchukua abiria, kikashuka kwa pwani ya Somalia, kikapita Lamu na Mombasa, kikafika Zanzibar, halafu Rufiji kupakia boriti. Matokeo yake ni kitabu Sons of Sinbad, kilichochapishwa mwaka 1940, pamoja na picha nyingi ambazo sasa zinahifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa ya Bahari ya Uingereza, Greenwich. Sehemu ya picha hizo ilitolewa kama kitabu cha peke yake mwaka 2006.

Ndani ya Bayan Villiers hakuwa baharia wa kulipwa. Hakuna aliyemwamsha usiku kuvuta kamba. Jambo hili lisipuuzwe, maana anayepiga picha hawezi kushika kamba kwa wakati uleule. Katika safari hii tunapata hali adimu: jicho lililofunzwa na kazi, na mikono iliyosamehewa kazi. Nadhani nguvu na udhaifu wa picha hizi vyote vimeanzia hapo.

Aliye ndani ya chombo haoni chombo

Tuanze na nguvu. Picha bora za mkusanyo huu ni zile za sitahani. Msomaji aliyezoea picha za kadi za posta za Zanzibar atashangazwa na jambo moja dogo: jahazi zima halionekani. Mahali pa tanga lililojaa upepo mbele ya jua la magharibi, tunaona kipande cha tanga, kipande cha mlingoti, migongo ya watu, na kamba. Tanga huonekana lote tu pale Villiers anapopiga chombo kingine au anaposhuka mashuani. Huo ndio ukweli wa mtu wa ndani. Anachokiona ni sehemu anayopaswa kuishughulikia.

Foromali ya jahazi la ukubwa ule ni mzigo wa kutisha: magogo marefu yaliyounganishwa na kukazwa kwa kamba, yanayobeba tanga zima. Kuipandisha ni kazi ya mabaharia wote wakivuta henza kwa pamoja, kwa wimbo, na wimbo huo ni sehemu ya mitambo ya chombo sawa na abedari. Kugeuza tanga upepo unapotakiwa upande wa pili ni kazi kubwa zaidi, kwa maana tanga la pembetatu halina budi kuzungushwa mbele ya mlingoti, joshi na demani zikibadilishana pande, na kosa dogo la wakati linaweza kuvunja mlingoti. Villiers anaijua hatari hiyo, na picha zinaonyesha kwamba anaijua. Anasimama mahali ambapo hatamzuia mtu. Mara nyingi yuko juu, mlingotini, akitazama chini; na kutoka huko sitaha inaonekana kama kijiji kilichobanwa: abiria na mizigo yao, moto wa kupikia, fundi akichonga mbao, watu waliolala palipopatikana kivuli.

Pembe hii ya juu imelaumiwa mara nyingi katika nadharia ya picha kama jicho la mtawala. Hapa sikubaliani na kanuni hiyo ikitumiwa kama muhuri. Juu ya mlingoti si roshani ya gavana. Ni mahali pa kazi, na mtu hufika huko kwa kupanda kwa miguu mitupu kama mabaharia wengine. Allan Sekula, katika kitabu chake Fish Story cha mwaka 1995, alilalamika kwamba picha za bahari zimependa mno upeo mpana na kusahau jasho la anayefanya kazi. Kwa kipimo hicho Villiers anafaulu. Upeo wa bahari katika picha zake za sitahani ni mstari tu nyuma ya bega la mtu.

Kuna jambo moja ambalo hata picha hizi nzuri haziwezi kulibeba, nalo ni deni. Villiers mwenyewe aliandika kwa urefu kwamba mabaharia walikuwa wakidaiwa na manahodha, na manahodha wakidaiwa na wafanyabiashara, na alipokwenda kwenye mashamba ya lulu ya Ghuba mwaka 1939 alikuta mfumo huohuo ukiwakaba wapiga mbizi kwa ukali zaidi. Mpiga mbizi akining'inia kwenye kamba ubavuni mwa chombo, puani ana kibano, ni picha ya kupendeza mno. Mtazamaji asiyesoma maandishi ataondoka na uzuri, na daftari la madeni litabaki kitabuni.

Chombo kinapotia nanga

Sasa tushuke pwani. Kwa baharia, nchi kavu ni alama kwanza: vilima vya mchanga vya Shela vinavyomwambia kwamba mlango wa Lamu u karibu, au mnara wa Beit al-Ajaib unaoonekana kabla ya mji wenyewe. Mtazamo huu una heshima yake, kwani ndio uliowafikisha watu salama. Lakini alama haisemi. Villiers anapofika bandarini, kamera iliyokuwa na majina ya watu sitahani inaanza kuona makundi.

Ushahidi wa kwanza hauhitaji hata kufungua kitabu. Anwani ndogo ya Sons of Sinbad ni ndefu, kama ilivyokuwa desturi, nayo inawataja Waarabu, inawataja manahodha, mabaharia na wafanyabiashara wa Kuwait, halafu inazitaja Zanzibar na Tanganyika. Kuwait ina watu. Zanzibar na Tanganyika ni mahali pa kufikia. Sidhani Villiers alikusudia dharau. Alikuwa akieleza alichokwenda kukiona. Hata hivyo, sarufi ya anwani ile ndiyo sarufi ya picha.

Rufiji ndiko jambo hili linakoonekana wazi kabisa. Kuwait haina misitu, na nyumba zake, kama za Bahrain na bandari nyingine za Ghuba, ziliezekwa kwa miti ya mikoko iliyotoka kwetu. Katika kitabu, delta ni mahali pa tope, mbu, homa na unyevu, mahali mabaharia wa Kuwait walipopachukia na kutamani kupatoka. Mateso yao yalikuwa ya kweli. Lakini mti haukuingia jahazini wenyewe. Kabla ya baharia kuupokea kuna mtu aliyeingia kwenye tope kwa shoka, akachagua, akaangusha, akamenya, akauburuta hadi kijito, akausubiri maji kujaa. Mtu huyo ni wa delta na lugha yake ni Kiswahili. Nahodha ana jina, ukoo, mzaha na hasira. Mkata boriti ni mmoja wa "Waswahili".

Kuna ujuzi uliopotea katika pengo hilo, na naomba nikae hapa kidogo. Wafanyabiashara wa mikoko wa pwani hawana neno moja la mti. Wanayo fito, pau, mazio, boriti na nguzo, kila moja kwa unene wake na kazi yake, na wanahesabu kwa korija, yaani ishirini ishirini. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba katika nyumba za mawe za Lamu na Mji Mkongwe, vyumba virefu na vyembamba vya mita mbili na nusu hadi tatu hivi. Na chumba cha zamani cha Kuwait kilipata upana wake kwa sababu ileile. Picha ya shehena ya miti juu ya maji ya Rufiji, ikisomwa na mtu mwenye maneno haya, ni picha ya usanifu wa majengo wa bahari nzima, na mkata miti ni mmoja wa wasanifu. Ikisomwa bila maneno haya ni picha ya magogo.

Na delta yenyewe inaonekana kana kwamba haina wakati. Katika delta hiyohiyo manowari ya Kijerumani Königsberg ilizamishwa Julai 1915, na mabaki yake yalikaa mtoni kwa miongo kadhaa baadaye. Mombasa nayo, ambako majahazi ya msimu ule yalipita, iliingia katika mgomo mkubwa wa wafanyakazi mnamo Julai na Agosti 1939, makuli wa bandari wakiwemo. Miezi michache tu inatenganisha mgomo huo na safari ya Bayan. Mwandishi si mtabiri, na sitamdai habari za mgomo kabla haujatokea. Ninachodai ni kwetu sisi: tunapozitazama picha za bandari za mwaka ule tuwatafute makuli, kwa sababu kuna waliokuwamo ndani ya fremu, nyuma ya milingoti, na hakuna aliyetufundisha kuwaona. Fasihi ilitangulia katika hili. Riwaya ya Adam Shafi, Kuli, iliyotoka mwaka 1979, ililichukua gati la Zanzibar na mgomo wa 1948 na kumweka mbebaji mizigo katikati ya hadithi. Hatujawa na uhakiki wa picha unaofanya kazi hiyo.

"Mwisho" usiokwisha

Villiers aliamini anaandika mwisho. Mwaka 1974 Marion Kaplan alichapisha makala na picha za safari ya jahazi katika jarida la National Geographic, na anwani yake ilitangaza machweo ya jahazi la Kiarabu. Mwaka 1978 kikaja kitabu cha akina Martin, Cargoes of the East, kuhusu biashara hiyohiyo, nacho kikiwa na huzuni yake. Kila kizazi cha wapigapicha kimelizika jahazi na kila kizazi kimelikuta bandarini.

Ni kweli kwamba biashara ya masafa marefu ilikufa. Mafuta yaliibadilisha Kuwait, mapinduzi ya 1964 yaliibadilisha Zanzibar, na Kenya ilipiga marufuku kusafirisha boriti nje mwaka 1982. Hakuna sababu ya kulificha hili. Lakini simulizi ya mwisho ina madhara yake katika picha: inamfanya mpigapicha achague cha kale na kukwepa cha leo. Jahazi lenye mashine halimvutii, wala jahazi lililobeba saruji, wala nahodha mwenye simu ya mkononi, ingawa hao ndio walioko Malindi ya Unguja na gatini Lamu asubuhi hii. Na mshauri wa sera anayeziona picha za "mwisho" tu atahitimisha kwamba kilichobaki ni cha kuwekwa kwenye kabati la kioo. Mabaharia wenyewe sasa wanapiga picha kwa simu zao, wakiwa kazini kwelikweli, nazo zinafutika simu inapoharibika. Hizo hakuna makumbusho inayozikusanya.

Nani aeleze?

Sekula aliandika mwaka 1983 kwamba picha ikiingia katika hifadhi hutengwa na matumizi yake ya kwanza na kuwa tayari kwa maana yoyote atakayoitaka mwenye ufunguo. Ufunguo huo mara nyingi ni mstari mmoja wa maelezo chini ya picha. Kwa picha za majahazi mstari huo umetawaliwa kwa muda mrefu na neno moja la Kiingereza, dhow, ambalo h yake haijawahi kutamkwa na nahodha yeyote. Villiers mwenyewe alijua kwamba Waarabu hawalitumii na kwamba wao huita kila chombo kwa aina yake. Bado neno likaingia katika anwani ya kitabu, kwa sababu wanunuzi walilijua. Kwetu dau ni dau, mashua ni mashua, jahazi ni jahazi, na mtepe ulioshonwa kwa kamba ulikuwa kitu kingine kabisa.

Ziada ya maneno tunayo. A.H.J. Prins, mwanaanthropolojia Mholanzi, alichapisha Sailing from Lamu mwaka 1965, na humo akakusanya istilahi za ubaharia wa Kiswahili kwa uangalifu ambao wengi wetu hatujaufikia. Prins ana majina ya kamba. Villiers ana kamba zenyewe. Kazi hizi mbili ziko katika rafu tofauti, na sijui kwa nini hatujaziweka juu ya meza moja.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaodai kwanza picha zirudishwe. Madai ya kurudishwa yana uhalali katika mambo mengi ya urithi, lakini filamu za Villiers zilipigwa na mtu wake kwa mali yake, na mjadala wa umiliki unaweza kutula miaka ishirini. Hao wanaoweza kuitazama picha ya sitaha na kusema "hii ni joshi, hii ni demani, na huyu anafanya kosa" ni wazee. Mafundi wa Matondoni na manahodha wa Unguja hawatasubiri miaka hiyo. Ninachopendekeza ni haki ya kueleza: nakala zenye ubora wa juu ziletwe Lamu, Mombasa na Zanzibar, zionyeshwe kwa watu hao, sauti zao zirekodiwe, na maelezo yao yaingizwe katika orodha ya makumbusho ya Greenwich kwa Kiswahili, kando ya yale ya Kiingereza, kwa jina la aliyeyatoa. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ina makao yake Zanzibar na ina mamlaka ya kuratibu istilahi kati ya nchi. BAKITA na BAKIZA zina uzoefu wa kusanifisha. Gharama yake si ya kutisha ikilinganishwa na ya kujenga jumba.

Majumba nayo si amana isiyotikisika. Beit al-Ajaib, ambamo mtepe ulioundwa upya mwaka 2003 uliwekwa ili watu wauone, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020. Walioushona mtepe ule walifanya kazi ambayo hakuna aliyeiona ikifanywa kwa chombo cha kusafiria kwa miongo mingi. Iliwabidi waulize picha za zamani na kumbukumbu za wazee, na mara kadhaa vilipingana.

Upande wa Rufiji kazi itakuwa ngumu zaidi, kwa sababu huko hakuna makumbusho ya kupokea nakala, na wakata boriti wa 1939 hawapo tena. Wapo wajukuu zao, katika delta ambayo tangu 2004 ni sehemu ya eneo la Ramsar la Rufiji–Mafia–Kilwa na ambamo mikoko inazungumziwa zaidi kwa hesabu ya kaboni kuliko kwa korija. Mtafiti atakayekwenda na picha hizo asiulize kwanza kama wanamtambua mtu yeyote. Aulize vijito: mto gani huu, mkono gani wa delta, na miti ya unene huu ilitoka upande upi. Majina ya watu, kama yamebaki, yatafuata majina ya mahali.